Bwana Harusi Mwenye Meno Kombo

Jumamosi, 5 Aprili

Theluji tena. Mwezi wa nne! Nimepiga koleo kutoka ngazini mpaka mlango wa gereji, kisha nikaingia kukaa na sungura wangu, ambao hawajawahi kuniuliza mshahara unaingia lini.

Habari kubwa leo. Kerubo wa Woodbury anamtafutia Bosibori mume. Bosibori ni sungura wake jike, mweupe, kilo tano na ushee, mshindi wa utepe wa kwanza kwenye maonyesho ya masika. Amepewa jina la shangazi wa Kerubo, ambaye nasikia naye alijaa mlangoni. Sisi Wakenya tunaofuga sungura hapa Minneapolis na Saint Paul ni watu kumi na mmoja, tuna kundi letu la WhatsApp, na asubuhi nzima simu imekuwa ikilia ting ting ting. Kila mwenye dume anajipendekeza. Mimi nimenyamaza. Mtu wa heshima hapeleki posa kwenye kundi.

Nimekata kauli. Mume ni Sultani wangu.

Nitamweleza Sultani hapa, maana ni haki yake. Manyoya ya kijivu. Mabega. Macho ya mtu aliyezoea kupishwa njiani. Meno yake ya chini yametokeza kidogo mbele ya yale ya juu. Kidogo tu. Mimi nayaita tabasamu. Kila baada ya wiki tatu nayapunguza kwa kikata kucha, kama mtu anavyopunguza masharubu, na dunia inaendelea.

Ukweli ni huu, na hapa naweza kuusema. Majira ya baridi mwaka juzi niliteleza kwenye barafu nikimshusha mzee wa kiti cha magurudumu kutoka kwenye basi langu dogo la wagonjwa. Mgongo ukaniishia. Miezi mitatu nililala kwenye kochi sizungumzi na mtu, nikitazama ukuta. Siku moja Kibibi, mke wangu, akarudi na boksi kutoka kwa mkulima mmoja, akanitoa blanketi, akaniwekea Sultani kifuani. Boksini kulikuwa na dada yake Sultani pia, Zuhura. Jioni ile nikaamka kumtafutia karoti. Basi mtu asiniambie kwamba huyu ni sungura tu.

Nataka jambo moja. Watoto wa Sultani wasimame kwenye meza ya maonyesho na watu waulize, hawa ni wa nani?

Jumapili, 6 Aprili

Harrison wa Blaine naye anataka kuposa! Harrison ni muuguzi, shemasi kanisani kwake, ana dume linaloitwa Jenerali, na sauti yake inafika kabla yake. Amenipigia kunijulisha, eti nisije nikashangaa. Anasema Jenerali ana "paperwork". Anatia Kiingereza pale anapotaka kukuumiza.

Karatasi zenyewe ni nasaba. Baba, babu, baba wa babu. Mkulima aliyemuuzia Kibibi hakutoa karatasi, alitoa boksi. Lakini mimi ni mtu wa Malindi. Kwetu hakuna nyumba isiyokuwa na nasaba, na hakuna nasaba isiyotiwa chumvi mahali. Ami yangu mmoja alituunganisha na watu wa Shiraz kwa jioni moja tu na kalamu ya wino.

Nimekaa baada ya chakula nikaandika. Sultani bin Seif wa Duluth. Seif nimempenda sana. Nimempa uzito wa kilo sita, nishani tatu na tabia ya upole. Kibibi amepita nyuma yangu akauliza Seif ni nani. Nikamwambia mtu wa zamani. Akasema Duluth hatumjui mtu, akaenda zake kukunja nguo.

Jumatano, 9 Aprili

Posa imekubaliwa!

Tulikwenda Woodbury mimi na Kibibi, nikavaa koti, yeye akabeba sinia la mahamri. Kerubo ana nyumba mpya, kapeti jeupe, unavua viatu unajiona soksi zako zote zilivyo. Yeye kazi yake ni kusafisha meno ya watu kwenye kliniki. Kibibi alinibana ndani ya gari kuhusu hilo. Nikamwambia ndiyo bahati yenyewe: mtu anayetazama meno kutwa, jioni hataki hata kusikia habari zake. Nani mpishi anayerudi nyumbani akapike?

Nikatoa picha ya Sultani ya ubavuni. Nikatoa nasaba. Kerubo akaisoma polepole, na pale kwenye Seif akasimama. Ana binamu yake Duluth anayetaka sungura, na angependa kumpigia mwenye Seif simu. Loo! Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo. Nikasema Seif amefariki. Akanipa pole. Na mwenye Seif je? Nikasema naye pia. Kibibi akatazama kapeti.

Kisha Kerubo akauliza swali lenyewe. Kuna kasoro yoyote ya kuzaliwa? Macho, miguu, meno? Sikuapa. Nataka iandikwe kwamba sikuapa. Nilisema kijana wetu hana neno, kisha nikakohoa. Akasema kwa Harrison angekwenda kukagua, lakini Baba Raisa, yaani mimi, ni mtu mzima, neno lake linatosha. Siku ni Jumamosi ya tarehe 19, nyumbani kwetu Crystal.

Nilifurahi njia nzima. Kibibi alilikumbatia sinia tupu njia nzima.

Jumatatu, 14 Aprili

Raisa amenisimamisha mlangoni na viatu vyangu vya kazi. Binti yangu ana miaka kumi na minne, Kiswahili anakisikia chote, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza, na akiwa na hasira anajibu kwa Kiingereza cha haraka. Kasema Kifungo anakonda.

Kifungo ni mtoto wa Sultani na Zuhura. Ndiyo, ni kaka na dada. Sikupanga, nilisahau komeo la tundu mwezi wa kwanza. Walizaliwa wanne, watatu wako salama, Kifungo ndiye mdogo wao na Raisa ndiye aliyempa jina, neno moja la Kiswahili analolitamka bila kulazimishwa.

Nikasema ni baridi. Raisa akamgeuza Kifungo akanifunulia mdomo. Meno ya chini yametoka nje, yamepinda kwenda juu. Ya juu yamejikunja kwenda ndani. Anainama kwenye nyasi, anajaribu kuuma, nyasi inaanguka. Anajaribu tena. Nilimtazama akijaribu mara saba.

Nikampunguza meno kwa kikata kucha. Hakupenda. Na kwa kuwa nilikuwa tayari nimeshika chombo, nikampunguza na Sultani kwa ajili ya Jumamosi, yakawa sawa, mazuri, mtu hawezi kujua. Usiku Kibibi akakuta manyoya kwenye kikata kucha chake. Sasa nina changu peke yangu.

Ijumaa, 18 Aprili

Kifungo hajala tangu jana. Raisa hakwenda kwa rafiki yake, alikaa sakafuni gerejini akimlisha uji wa nyasi kwa bomba la sindano, na mimi ikabidi nitafute daktari wa wanyama.

Daktari ni mama mrefu mwenye subira. Kwanza akanigombeza, kwa adabu, kuhusu kikata kucha. Kinapasua jino mpaka kwenye mzizi. Yeye akayanyoosha kwa mashine ndogo inayozunguka, Kifungo akiwa amelala. Dakika tano. Akasema yatakua tena, na ataletwa hapo kila baada ya wiki tatu au nne, maisha yake yote. Akauliza kama baba yake ana meno ya hivyo. Raisa akanitazama. Nikajibu kwamba baba ana tabasamu.

Hapo akachukua karatasi akachora. Raisa alinifafanulia tena ndani ya gari, polepole, kwa Kiingereza chepesi kama kile ninachozungumza na wagonjwa wangu. Kasoro hii hurithiwa. Mtoto akiipata kwa mzazi mmoja tu, meno yake huwa mazuri kabisa, lakini anaibeba ndani bila mtu kujua. Wabebaji wawili wakikutana, anatoka Kifungo. Ndugu wakioana ndiyo rahisi zaidi. Kwa hiyo dume mwenye meno hayo hapandishwi, na watoto wake hawapandishwi.

Nikauliza, na kama jike ni mzuri sana? Raisa akatazama dirishani mpaka tukafika Crystal.

Basi. Nimeamua. Kesho Kerubo akifika nitamwambia kila kitu kabla Bosibori hajatolewa kwenye boksi lake. Nimejizoeza mbele ya kioo. Nitapoteza posa, na Harrison atapiga makofi mpaka Pasaka iishe, lakini nitalala.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Kwetu bwana harusi ndiye huenda kwa bibi harusi. Kwa sungura ni kinyume. Jike akitembelewa kwake hupigana, kwa hiyo yeye ndiye anayepelekwa. Kerubo akafika saa nne kamili, bado na nguo za kazi, boksi mkononi.

Sasa mimi nifanyeje? Mgeni ametoka Woodbury, hajakaa, hajatia hata maji mdomoni, nimpige na habari mbaya mlangoni? Mama yangu angefufuka. Habari mbaya hutolewa mgeni akishakunywa. Nikamwambia karibu, tupitie ndani kwanza, chai iko tayari. Akasema ana mgonjwa saa sita, atakunywa hapo hapo gerejini. Sawa. Nikaenda kuleta sinia. Kutoka jikoni nikaanza salamu kwa sauti, ili nisipoteze muda: hujambo na wa nyumbani, mama yako Kisii anaendeleaje na magoti, na kazi, na baridi hii. Akawa anajibu vizuri. Nikarudi na sinia gerejini, macho kwenye birika, nikamimina, nikasema, "Dada Kerubo, kabla hatujaanza, kuna jambo dogo la kifamilia..."

Nikasikia kishindo. Sultani alikuwa ameanguka ubavu kwenye nyasi, miguu juu, amefumba macho. Wao ndivyo wanavyoanguka wakimaliza. Kerubo alikuwa ameshamtia Bosibori tunduni nilipokuwa nauliza habari za magoti. Sekunde nne! Chai ilikuwa bado inatoka mdomoni mwa birika.

Kerubo akasema hongera. Akauliza jambo la kifamilia ni lipi. Nikasema mahamri yameungua kidogo.

Jumanne, 22 Aprili

Silali. Nimepata wazo lakini.

Ikiwa Jenerali wa Harrison naye atakutana na Bosibori wiki hii, watoto watakaozaliwa nani atajua wa nani? Meno yakiwa mabaya, itakuwa neno langu na neno la shemasi. Sijivunii wazo hili. Ila ni zuri.

Nikampigia Harrison. Nikamwambia kwa moyo safi, mzee, si haki mimi nipate kila kitu, mpeleke Jenerali naye apate nafasi. Harrison alishusha sauti, na Harrison hashushi sauti. Kisha akataka kujua kwa nini mtu aliyeshinda anamwita aliyeshindwa. Nikasema ni udugu. Akasema ataliombea.

Aliliombea dakika kumi. Kisha akampigia Kerubo kumwambia kwamba mimi, Halim, sina imani na Sultani wangu. Kerubo akanipigia akicheka. Anasema nisijidharau hivyo, Sultani alifanya kazi yake, jana Bosibori alimtimua hata paka wa jirani dirishani, hiyo ni dalili ya mimba. Akanishukuru kwa unyenyekevu wangu.

Unyenyekevu! Nilikaa ndani ya basi langu kwenye maegesho robo saa nzima kabla sijaweza kuliwasha.

Ijumaa, 2 Mei

Kerubo amepapasa tumbo. Bosibori ana mimba. Amenitumia ujumbe, na chini yake majina ya familia saba alizoziahidi watoto, watu wa kanisani kwake wenye watoto wadogo, na kila mmoja wao Kerubo amemwambia maneno haya haya: baba yao anatoka kwa Baba Raisa, hana kasoro.

Jioni tumempeleka Kifungo kunyooshwa meno mara ya pili. Raisa alimshika ndani ya taulo njia nzima, akimnong'oneza. Nikamsikia anamwambia, kwa Kiswahili, pole, pole, pole. Nilikuwa naendesha gari na sikuweza kuona barabara vizuri.

Nimehesabu watoto saba na taulo saba. Nimeona aibu. Naandika neno lenyewe bila kulizungusha: nimeona aibu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda Woodbury peke yangu, na Kifungo ndani ya boksi la viatu. Kerubo akafungua mlango akanikaribisha chai. Nikakataa chai. Mara ya kwanza katika maisha yangu kukataa chai ya mtu, na nilikataa nikiwa bado nje, mvua inaninyeshea.

Nikamwambia yote kwa mkupuo, bila salamu. Nikamfunulia mdomo wa Kifungo, nikamwambia baba yake ndiye huyo huyo. Alimchukua akaingia naye ndani penye mwanga, akatoa kitochi chake mfukoni, akatazama muda mrefu. Mikono yake ilikuwa ya upole sana kwa Kifungo. Aliponigeukia, haikuwa sura ya upole.

"Baba Raisa," akasema, "mimi naangalia meno ya watu siku nzima. Ya Sultani sikuyaangalia kwa sababu ulinipa neno lako."

Akauliza, na Seif? Nikasema hakuna Seif. Akasema aliwahi kuwasha mshumaa kanisani kwa ajili ya mwenye Seif, siku ile ile ya posa. Natamani angenipiga.

Nilingoja aniambie nitoke kwenye kundi. Badala yake akaleta kalenda. Watoto wakifika wiki tatu, nitakuja kila Jumamosi asubuhi. Mimi nitashika, yeye atamulika na kuandika. Atakayetoka na meno ya Kifungo, mimi ndiye nitakayempeleka kwa daktari mpaka afe kwa uzee. Nikasema ndiyo. Nikauliza kama atamwambia Harrison. Akasema hilo si lake la kusema. Hilo limeniuma kuliko mengine yote.

Jumanne, 20 Mei

Saba! Kibibi amenipigia nikiwa nampakia mama mmoja wa dayalisisi, anayekwenda kusafishwa damu, na yule mama akafurahi akadhani nimepata wajukuu. Sikumkosoa.

Jioni nikakusanya ujasiri nikaandika kwenye kundi, mbele ya watu kumi, kwamba dume langu ana kasoro ya meno ya kurithi na nilificha. Nikaweka simu chini ya mto. Kibibi akaitoa akanisomea. Nkirote wa Saint Paul, ambaye ana majike mawili, ametuma pole. Mmoja ametuma kidole gumba. Harrison ameandika kwamba Jenerali naye ana kope zinazoingia ndani ya jicho, huwa anampaka mafuta kabla ya maonyesho, na anaomba tusamehewe sote.

Kumbe! Ile "paperwork" yote!

Kibibi amenipikia biriani ya kuku, siku ya kazi. Hakutaja sababu.

Jumamosi, 28 Juni

Ukaguzi wa tatu. Wiki tano na siku nne. Nikawashika mmoja mmoja, Kerubo akamulika. Wa kwanza, meno sawa. Wa pili, sawa. Nilikuwa nimebana pumzi mpaka wa saba, wa kijivu, dume, sura ya baba yake tupu. Kerubo akammulika mara mbili. Sawa kabisa.

Nikaruka. Mgongo ukanikumbusha. Kerubo akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, akaniletea kiti na chai, na chai safari hii nikainywa.

Raisa, ambaye huja nami siku hizi na daftari lake, akatuharibia sherehe kidogo. Anasema meno mazuri hayana maana kwamba kasoro imeondoka. Wote saba wanaibeba kutoka kwa Sultani, imejificha tu, na wakipandishwa na mwenye damu hiyo itatoka tena. Kerubo akasema hivyo ndivyo alivyowaambia zile familia saba, na kila moja imekubali kuwafuga bila kuwazalisha. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Nimeelewa, nikasema. Nimeelewa vizuri sana.

Sultani alihasiwa Jumatano. Alilala kifuani kwangu usiku wote akinuka dawa. Nilimwomba radhi. Alitafuna kifungo cha shati langu, pole pole, kwa upande mmoja tu wa mdomo.

Jumamosi, 19 Julai

Familia moja imehamia Texas, na Kerubo amenipa mtoto wa sungura waliyeahidiwa. Yule wa kijivu! Anasema nimekuja kila Jumamosi bila kukosa hata moja, na mtu anayekuja hivyo apewe kitu.

Sharti moja. Asipandishwe kabisa. Zuhura nyumbani kwangu ana damu ile ile, wasikutane hata kwa salamu, na ahasiwe akifika miezi minne. Miadi ya daktari imeshaandikwa, Alhamisi tarehe 25 Septemba. Nikampa neno langu. Raisa akaniomba nirudie, akaliandika kwenye daftari, nikatia sahihi.

Nimemwita Waziri. Nimebadilika mimi. Kibibi mwenyewe amesema nimekuwa mtu wa kueleweka.

Jumapili, 21 Septemba

Asubuhi nzuri, majani yameanza kuwa mekundu huko nje, Kibibi na Raisa wamekwenda sokoni. Nimekaa na Waziri gerejini kuuaga ujana wake, maana Alhamisi ndiyo hiyo.

Nikamtazama meno kwa tochi. Nikamtazama tena. Mara nne kwa jumla. Yamenyooka yote, ya juu mbele, ya chini nyuma yake, meno ya mtangazaji wa televisheni. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na nadhani Raisa na daktari wamesahau kitu kimoja, yaani Bosibori. Damu ya Bosibori ni kali. Ikiwa imeweza kunyoosha meno ya watoto saba, haiwezi kuwa imeacha kasoro imejificha ndani mahali. Ingejificha wapi? Mimi nimemulika kila kona.

Na Zuhura naye amekuwa mpweke tangu Sultani ahasiwe. Anatafuna waya. Ni shangazi yake Waziri, damu yake, na kijana anakwenda hospitali. Je, mtu haagani na shangazi yake kabla ya kwenda hospitali? Hilo hata Kerubo mwenyewe angelielewa, tena yeye hasa, anayewapenda mashangazi mpaka anawapa sungura majina yao. Nikamtia tunduni. Kwa salamu tu. Nikageuka kuchukua ufagio.

Kishindo.

Sasa huenda si kitu. Ni kijana mdogo, ni mara moja tu, na sikuwa nimepanga kwa maana ya kupanga. Nimemrudisha kwake, nimefagia nyasi, hakuna alama. Kisha nikahesabu siku thelathini na moja kwenye kalenda, kwa kutaka kujua tu. Ni Jumatano, tarehe 22 Oktoba. Nimeomba ruhusa kazini.

Watakuwa wa kijivu wote, nina hakika. Nkirote amesema kwenye kundi anatafuta dume mwezi wa kumi na mbili. Nasaba safari hii haina uongo hata mmoja, maana Bosibori yumo, na utepe wake wa kwanza umo.

Raisa amerudi. Ananiita kutoka chumbani kwake nikalete taulo na ufunguo wa gari, ni zamu ya Kifungo kunyooshwa meno. Nimemwambia nakuja, kuna majina machache namalizia kuandika.